Pishi na Kibaba: Jinsi Watazamaji wa Stesheni Ndogo za Televisheni Walivyohesabiwa Marekani

Pishi moja ni vibaba vinne, na mwenye ghala apimaye mtama kwa pishi hajali punje zinazomwagika chini. Lakini aliyekuja kununua kibaba kimoja tu huzijali sana, maana kwake punje hizo ni chakula. Tofauti ya namna hii ilitokea katika historia ya televisheni ya Marekani, pale kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya stesheni kubwa kilipotumiwa kuzipima stesheni ndogo zilizoenezwa kwa waya na setilaiti. Yafaa habari hii ielezwe tangu mwanzo, kwa sababu kipimo hicho hakikuishia kuhesabu watazamaji. Baadaye kilizigeuza stesheni zenyewe.

Arthur C. Nielsen alianzisha kampuni yake mjini Chicago mwaka wa 1923, kazi yake ikiwa kuchunguza hali ya biashara. Mwaka wa 1936 alinunua haki ya chombo kilichobuniwa na walimu wawili wa Massachusetts Institute of Technology. Chombo hicho, kilichoitwa Audimeter, kilifungwa kwenye redio ya nyumbani, nacho kikaandika saa redio ilipofunguliwa na stesheni iliyochaguliwa. Mwaka wa 1942 Nielsen alianza kuuza hesabu za wasikilizaji wa redio wa nchi nzima, na mwaka wa 1950 hesabu za watazamaji wa televisheni. Mahali pengi watu waligawiwa madaftari, wakaandika kwa mkono wao wenyewe waliyoyatazama kwa muda wa juma moja.

Zama hizo televisheni ilitawaliwa na makampuni matatu, yaani CBS, NBC na ABC. Usiku wa tarehe 19 Januari 1953, mchezo wa kuchekesha uitwao I Love Lucy ulitazamwa katika nyumba 71.7 kwa kila nyumba 100 zenye televisheni. Mbele ya umati wa namna hiyo, kosa la nyumba kumi au ishirini katika hesabu halikumdhuru mtu. Hata hivyo malalamiko hayakukosekana. Mwaka wa 1963 kamati ya Bunge la Marekani iliwaita wenye kazi ya kuhesabu, ikawahoji juu ya usahihi wa kazi yao. Na mwaka uliofuata likaundwa baraza la kuikagua.

Ama televisheni ya waya, hiyo ilianza mwaka wa 1948 katika sehemu za milima, kama vile Pennsylvania na Oregon, ambako mawimbi ya stesheni za mijini hayakufika. Watu walisimamisha mlingoti mmoja juu ya kilima, wakavuta nyaya hadi majumbani. Waya ule haukuwa na michezo yake wenyewe. Ulikuwa mchukuzi tu wa mizigo ya wengine. Mambo yalianza kubadilika tarehe 8 Novemba 1972, HBO ilipofunguliwa katika mji wa Wilkes-Barre ikiwa na nyumba 365 tu zilizolipa ada. Mwishoni mwa Septemba 1975 stesheni hiyo ilitumia setilaiti kuonyesha pigano la ngumi la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila. Hapo ikadhihirika kwamba stesheni moja yaweza kuufikia kila mji wenye waya kwa mara moja, bila kujenga minara nchini kote.

Baada ya hapo stesheni za jambo moja zilizuka kwa wingi. Mwaka wa 1979 ilianza C-SPAN ya kuonyesha kazi za Bunge, na ESPN ya michezo. Mwaka wa 1980 zikaja BET, iliyokusudiwa Wamarekani Weusi, CNN ya habari, na Bravo ya sanaa na filamu. MTV ya muziki ilifuata mwaka wa 1981, na The Weather Channel, isiyokuwa na kazi ila kueleza hali ya hewa, ikafunguliwa mwaka wa 1982. Hapo ndipo likazuka swali: stesheni hizi zilinganishwe vipi?

Ugumu wa kwanza ulikuwa katika kugawanya. Kiwango cha stesheni kubwa kilipatikana kwa kugawanya nyumba zilizotazama kwa nyumba zote nchini zenye televisheni. Lakini stesheni ya waya haikufika katika nyumba zote. Tuseme nchi ina nyumba milioni 80, na stesheni yafika katika milioni 20 tu. Ikiwa nyumba 400,000 zinaitazama, kiwango chake ni 2 katika kila 100 kwa hesabu ya nyumba zake yenyewe, lakini ni nusu ya moja tu kwa hesabu ya nchi nzima. Hesabu zote mbili ni za kweli. Muuzaji wa matangazo alipendelea kuitaja ya kwanza, na mshindani wake akaitaja ya pili. Basi mtu aliyelinganisha stesheni mbili bila kuuliza kigawanyo alilinganisha vitu visivyolingana.

Ugumu wa pili ulikuwa katika uchache wa nyumba zilizochunguzwa. Mwishoni mwa karne ya 20 Nielsen ilitumia nyumba zipatazo 5,000 kuiwakilisha nchi yenye nyumba za televisheni zinazokaribia milioni 100. Maana yake nyumba moja ilisema kwa niaba ya 20,000. Stesheni yenye kiwango cha moja ya kumi katika 100 ilikuwa na nyumba tano tu katika sampuli hiyo. Nyumba mbili zikizima televisheni kwa sababu ya msiba au safari, stesheni imepoteza karibu nusu ya watazamaji wake kwenye karatasi, ingawa hapana mtu mwingine aliyeiacha. Kwa stesheni kubwa yenye nyumba mia kadhaa katika sampuli, kuondoka kwa nyumba mbili si kitu.

Ugumu wa tatu ulihusu muda. Kiwango ni wastani wa watazamaji wa kila dakika. Watu sitini wakitazama habari za mvua kwa dakika tano kila mmoja katika muda wa saa moja, wastani wao ni watu watano. Watu watano wakiketi saa nzima kutazama mchezo, wastani wao pia ni watano. Kipimo husema stesheni hizi mbili ni sawa, ilhali moja imewafaa watu sitini. The Weather Channel iliishi katika hali hiyo, na hesabu yake ikapanda ghafula kimbunga kilipokaribia pwani. CNN nayo ilifuatwa na umati mkubwa wakati wa vita vya Ghuba mwaka wa 1991, kisha wengi wakatawanyika vita vilipokwisha.

Pamoja na hayo stesheni nyingi ndogo zilisalimika, kwa kuwa zilikuwa na mapato mawili. Licha ya matangazo ya biashara, makampuni ya waya yalizilipa kila mwezi kiasi fulani kwa kila nyumba iliyounganishwa, iwe inaitazama stesheni au haiitazami. Iliyotegemea matangazo peke yake ilikuwa hatarini. CBS Cable, stesheni ya sanaa iliyofunguliwa Oktoba 1981 na kusifiwa sana, haikupata matangazo ya kutosha, ikafungwa Desemba 1982.

Mwaka wa 1987 Nielsen ilileta mita mpya yenye vitufe, ili kila mtu wa nyumba aonyeshe kwamba yeye ndiye anayetazama. Daftari lilitegemea kumbukumbu, na mwandishi wake aghalabu alisahau stesheni aliyoipitia kwa muda mfupi, mita haikusahau. Hesabu za makampuni makubwa zikashuka, nayo yakalalamika. Mwaka wa 2004, mita kama hizo zilipopelekwa katika soko la New York, walitokea watu waliodai kwamba watazamaji Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa wakihesabiwa pungufu. Shauri lilikuwa zito, kwa sababu asiyehesabiwa hatengenezewi mchezo.

Hata hivyo, kadiri hesabu zilivyozidi kutegemewa, ndivyo stesheni zilivyozidi kuyaacha makusudio yao ya kwanza. MTV ilianza The Real World mwaka wa 1992, na muziki ukapungua mwaka hata mwaka. Bravo, baada ya kununuliwa na NBC mwaka wa 2002, iliiacha sanaa ikafuata maisha ya watu na mavazi. Court TV, iliyoonyesha kesi za mahakamani tangu 1991, ikageuka kuwa truTV mwaka wa 2008. Stesheni ya historia iliyofunguliwa mwaka wa 1995 ilipata sifa mpya mwaka wa 2009 kwa mchezo juu ya duka la rehani mjini Las Vegas. Kila moja ilitafuta punje chache zaidi za kujaza kipimo, na zote zikaishia kufanana.

Iliyobaki katika kazi yake ni C-SPAN. Haina matangazo ya biashara. Gharama zake zimelipwa na makampuni ya waya na setilaiti, kwa hiyo haikuwa na haja ya kuuza hesabu za watazamaji wake. Bunge limeonekana humo tangu tarehe 19 Machi 1979, wawe watazamaji wengi au wachache. Lakini mapato yake nayo yalitegemea nyumba zilizounganishwa, na nyumba hizo zimekuwa zikipungua. Mwezi wa Julai 2022, kwa hesabu ya Nielsen yenyewe, michezo ipitiayo intaneti ilitazamwa kuliko televisheni ya waya kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima: 34.8 katika kila 100 dhidi ya 34.4.

Kwa hiyo aisomaye orodha ya viwango vya stesheni ndogo yampasa kuuliza mambo matatu kabla ya kusema ipi imeishinda nyingine: imegawanywa kwa nyumba zipi, imetoka katika sampuli ya nyumba ngapi, na watu walikaa muda gani. Na baada ya hayo liko la nne, ambalo orodha haiwezi kulijibu: watazamaji wale wachache walifuata nini, na kama wangali wanakipata.