Zion: Njia nyepesi ya baiskeli katika korongo la jangwani

KATIKA mbuga ya kitaifa ya Zion, kusini magharibi mwa jimbo la Utah nchini Marekani, ipo njia moja pekee ya matembezi ambayo mwendesha baiskeli anaruhusiwa kuipita. Inaitwa Pa'rus.

Njia hiyo ya lami ina urefu wa takriban kilomita 2.8. Huanzia penye kituo cha wageni, karibu na mji mdogo wa Springdale, na kuufuata Mto Virgin hadi mahali panapoitwa Canyon Junction. Kwenda na kurudi ni kilomita 5.6, na tofauti ya kimo ni kama mita 15 tu.

Umbali huo haumtoi jasho mwendesha baiskeli aliyezoea milima. Wanaofaidika zaidi ni wengine: mtoto anayejifunza kukanyaga pedeli, mzee mwenye magoti mabovu na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Aidha, hii ndiyo njia ya matembezi katika korongo hilo ambapo mgeni anaweza kuandamana na mbwa wake, mradi amemfunga kamba.

Ili kuuelewa umuhimu wake, yafaa kuilinganisha na njia iliyoipatia Zion sifa kote duniani, Angels Landing. Huko mpandaji hupanda karibu mita 450, akishikilia minyororo iliyogongomewa mwambani, na tangu Aprili 2022 hana budi kupata kibali maalumu. Wengi hawana nguvu wala ujasiri wa safari kama hiyo. Pa'rus huwapa mandhari ya kuta zile zile bila kuwadai maungo ya mwanariadha.

Jina na miamba

Pa'rus ni neno la Wapaiute, wenyeji wa eneo hilo, na huhusishwa na maji yanayobubujika na kutibuka. Wapaiute waliishi na kulima kando ya mto huo kabla ya walowezi wa dhehebu la Mormon kuingia korongoni katika miaka ya 1860.

Rais William Howard Taft alipolitenga eneo hilo liwe la kuhifadhiwa mwaka wa 1909, lilipewa jina la Kipaiute, Mukuntuweap. Mnamo 1918 jina hilo liliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na Zion, ambalo walowezi walikuwa wakilitumia. Mbuga ya kitaifa ilizinduliwa rasmi Novemba 19, 1919. Hivyo basi, njia hii ni mojawapo ya mahali ambapo mgeni bado hukutana na lugha ya wenyeji wa awali.

Kuta nyekundu na nyeupe zinazolizunguka korongo zilianza kama vilima vya mchanga katika jangwa kubwa, miaka inayokaribia milioni 190 iliyopita. Mchanga huo ulishikana ukawa mwamba. Baadaye ardhi iliinuka, nao Mto Virgin, ambao ni tawimto la Colorado, ukaanza kuukata mwamba huo, kazi ambayo haijakoma hadi leo. Mwendesha baiskeli huvuka mto huo mara kadhaa kwa madaraja madogo, akipita kati ya vichaka vya jangwani na miti mirefu iliyoota kandokando ya maji. Kulungu huonekana mara nyingi, hasa asubuhi na jioni.

Magari yalivyozuiwa

Pa'rus isingekuwa na manufaa makubwa kama ingeishia kwenye msongamano wa magari. Katika miaka ya 1990, barabara ya ndani ya korongo ilijaa magari ya wageni, na nafasi za kuegesha hazikutosha. Mwaka wa 2000 wasimamizi walianzisha mabasi ya kuwabeba wageni na kuyazuia magari ya kibinafsi kuingia humo katika sehemu kubwa ya mwaka. Kufikia 2024, mabasi yote yalikuwa ya umeme.

Baiskeli haikuzuiwa. Anayefika mwisho wa Pa'rus aweza kuendelea na barabara hiyo yenye urefu wa kilomita 10 hivi, hadi kwenye kina cha korongo. Akichoka, ataipandisha baiskeli yake kwenye kishikilio kilicho mbele ya basi na kurudi ameketi.

Ipo sheria ambayo sharti izingatiwe: basi halipiti baiskeli inayokwenda. Mwendeshaji anapolisikia likija nyuma yake, hana budi kujiweka kando na kusimama ili lipite. Hali kadhalika, baiskeli hairuhusiwi kupita ndani ya handaki refu la barabara ya kuelekea mashariki, lililokamilishwa mwaka wa 1930.

Wepesi wenye masharti

Mwaka wa 2021 Zion ilipokea wageni zaidi ya milioni 5. Katika umati kama huo, ni rahisi mtu kuyasahau mazingira aliyomo kwa sababu tu ametembea juu ya lami.

Katika kiangazi, joto huweza kupita nyuzi 38 za Selsiasi, na njia yenyewe ina kivuli haba. Maji ya kunywa hubebwa kutoka kituoni. Ya mtoni hayafai, kwani mwaka wa 2020 yaligunduliwa kuwa na viini vinavyotoa sumu, na wageni wakatahadharishwa wasiyanywe wala kuwaachia mbwa wao wayanywe.

Hatari kubwa zaidi ni mafuriko ya ghafla, hasa kati ya Julai na Septemba. Mvua inaweza kunyesha mbali, mahali usipoiona, na maji yakakufikia mbingu zikiwa bado nyeupe juu ya kichwa chako. Septemba 2015, watu 7 waliangamia katika korongo jembamba la Keyhole ndani ya mbuga hiyo.

Wakenya hawahitaji kuelezwa zaidi. Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, iliyoanzishwa mwaka wa 1984, inapendwa kwa sababu mgeni huendesha baiskeli humo akipita karibu na pundamilia na twiga. Septemba 2019, mafuriko yaliyolikumba korongo lake yaliua watu 7. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka wa 2012, vijana wa kikundi cha kanisa walikuwa wamefia papo hapo.

Anayetaka kuizuru Pa'rus kwa starehe achague majira ya kuchipua au ya vuli, aanze asubuhi mapema, na aulize habari za hali ya hewa katika kituo cha wageni kabla ya kupanda baiskeli. Akiambiwa mvua inanyesha upande wa juu wa mto, asiiamini anga ya buluu iliyo mbele yake.