Sime chini ya kiti cha dereva

Mwezi uliopita nilipanda Coaster Handeni kwenda Korogwe. Mlangoni konda alimsimamisha kijana wa Kimasai: "Yero, sime lete hapa." Kijana akaivua kiunoni pamoja na ala yake nyekundu, ikawekwa chini ya kiti cha dereva. Nyuma yake akapanda mzee mmoja na panga jipya lililozungushiwa gazeti, ametoka kulinunua dukani. "Shikamoo mzee, pita ukae." Panga lile, kwa macho yangu, lilikuwa refu kuliko sime.

Safari nzima nikawa naliwaza jambo hilo. Kisheria wote wawili walikuwa sawa. Tanzania huhitaji kibali kumiliki panga, sime wala kisu. Ungehitaji, mashamba ya mkonge ya Korogwe yangesimama siku hiyohiyo. Bunduki ndiyo yenye sheria yake, ile ya mwaka 1991 na baadaye ya 2015 iliyochukua nafasi yake. Kwa kisu, Kanuni ya Adhabu inauliza swali jingine: je, umetembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu? Kosa liko kwenye ile hofu. Basi ndani ya Coaster, hofu ilikuwa ya nani, na ilisababishwa na chuma au na shuka?

Kauli hiyo ya kutia watu hofu haikuzaliwa kwetu. Waingereza walituachia, na mizizi yake inafika hadi sheria yao ya Northampton ya mwaka 1328, iliyokataza kutembea na silaha sokoni na minadani. Sheria hiyohiyo kongwe imebishaniwa katika Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 2008 na tena 2022, majaji wakipima maana ya haki ya kubeba silaha iliyoingizwa kwenye katiba yao mwaka 1791. Katiba yetu ya 1977 haina haki ya namna hiyo. Ina ibara ya 147, inayomkataza mtu au kikundi chochote kuunda jeshi isipokuwa Serikali. Kwa historia ya bonde hili, mimi naona kuna sababu.

Anayetaka kuijua historia hiyo asome *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, moja ya kazi kubwa za nathari ya Kiswahili, ambayo bado hatujaisoma vya kutosha. Mbegha, mwanzilishi wa ufalme wa Usambara, anatoka Nguu akiwa mwindaji, na mbwa wake na mikuki, anaua nguruwe wanaokula mazao, anawagawia watu nyama. Silaha yake inampa utawala kwa sababu inalinda shamba. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya mwenye silaha katika simulizi za huku, na ni picha nzuri mno.

Halafu ikaja baruti. Kimweri ye Nyumbai alitawala akiwa Vugha, juu mlimani, na mali yake ilikuwa kodi ya ng'ombe na vyakula, pamoja na sifa ya kuamuru mvua. Bunduki hazikupanda mlima. Zilitoka Pangani kufuata mto, zikalipwa kwa pembe na kwa watu, na Wazigua wa upande wa Handeni, walio karibu na pwani, wakazipata mapema. Mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, chini bondeni, kwenye njia ya misafara. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Semboja alikuwa na bunduki na marafiki wenye bunduki. Akaishambulia Vugha, Shekulwavu akakimbia, na Semboja akamweka mwanawe mwenyewe juu ya kiti huku yeye akibaki Mazinde, penye biashara. Miaka iliyofuata watu waliuzana mpaka jirani kwa jirani. Mwenye silaha hakuwa tena mlinzi wa shamba la mtu.

Wazungu walipokutana Brussels mwaka 1890 wakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kukomesha biashara ya watumwa. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba wao wenyewe walikuwa wanaingia na za kwao. Mwafrika aliruhusiwa ile ya zamani ya gumegume, tena chini ya uangalizi.

Babu yangu alikuwa na gobori la ukoo huo. Kazi yake ilikuwa nguruwe wa kwenye mahindi, basi. Siku lilipotoka tangazo la kusalimisha silaha zisizo na kibali alilifunga kwenye gunia la katani akalipeleka, akarudi kimya. Msimu uliofuata nguruwe walilala ndani ya shamba. Akafuga mbwa watatu na kuchongesha mikuki miwili kwa mhunzi. Mimi nilimcheka nikimwita Mbegha, hakucheka. Sidhani alidai haki yoyote ya silaha. Alitaka mtu mwenye bunduki aje usiku, na aliyebaki na bunduki alikuwa mbali.

Ndiyo maana siwezi kumlaumu konda moja kwa moja. Ugomvi wa wakulima na wafugaji tunaujua wote, kila mmoja ana aliyesikia kakatwa. Ila hofu ikiwa ndiyo kipimo, mwenye kuogopwa atavuliwa kila mara, na mwenye kuzoeleka atapita na shikamoo.

Stendi ya Korogwe kijana akarudishiwa sime yake, akaivaa, akaenda zake. Mzee alikuwa keshashuka. Konda akaona panga limesahaulika kwenye kiti, gazeti limefunguka, akalishika mpini na kutimua mbio katikati ya abiria na wauza machungwa akipiga kelele, "Mzee! Mzee, mzigo wako!" Hakuna aliyesogea kumpisha.