UKUBWA NI JAA: UONGOZI WA JAMII KATIKA HISTORIA YA WEST NILE

Katika toleo la kumbukumbu ni desturi kuwataja viongozi waliotangulia na kuwashukuru. Ni jambo jema. Lakini makala hii inauliza swali moja lililo nyuma ya majina hayo: kiongozi wa kazi za jamii anawajibika kwa nani? Kwa aliye juu yake, au kwa watu anaowaongoza? Katika ardhi hii tunayoishi, swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Wazee na machifu

Walugbara, wenyeji wetu wa Terego na Maracha, hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na mzee wake, 'ba wara, yaani mtu mkubwa. Hakuwa na askari wala jela. Alisikilizwa kwa sababu alisuluhisha ugomvi na kusimamia mambo ya ukoo, na heshima yake ilitoka kwa watu wake mwenyewe.

Mwaka 1914 eneo hili, ambalo awali lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kisha chini ya Sudan, liliunganishwa na Uganda. Serikali ya Waingereza ilitaka kodi na vibarua, na kwa kazi hiyo ikateua machifu. Chifu wa namna hiyo hakuulizwa na wanakijiji amewatendea nini. Aliulizwa na ofisi ya Arua amekusanya kiasi gani. Hasira za watu zilichanganyika na imani ya maji ya Yakan, na mwaka 1919 machafuko yakazuka. Ukubwa ulikuwa umehama kutoka kwenye baraza la ukoo kwenda mezani kwa mkubwa wa serikali.

Wenyeji wetu nao walikuwa wakimbizi

Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na kusini mwa Sudan kwa maelfu mengi. Wengi waliishi katika makazi ya wakimbizi kuzunguka Yei. Huko ndiko alikofanyia utafiti Barbara Harrell-Bond, mwanzilishi wa kituo cha masomo ya wakimbizi katika Chuo Kikuu cha Oxford. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Imposing Aid, alieleza jinsi misaada ilivyopangwa bila kuwashirikisha wakimbizi, kana kwamba mtu akivuka mpaka anaacha nyuma akili na uwezo wake wa kujiongoza. Maneno hayo hayakuwafurahisha wengi katika mashirika, lakini mpaka leo yanasomwa.

Mwaka 2017 njia ile ile ilijaa watu tena, safari hii wakitoka upande wa Yei kuja huku. Omugo ilifunguliwa mwezi Agosti mwaka huo, ikiwa nyongeza ya makazi ya Rhino Camp. Ardhi ya West Nile ni ya koo, na isingepatikana bila wazee kukaa na watu wao na kukubaliana. Basi hata mahali tunapolala pametokana na uongozi wa namna ile ya kwanza.

Kamati zetu zilitoka wapi

Mabaraza ya Ustawi wa Wakimbizi, ambayo wote tunayaita RWC, yamefuata mfano wa mabaraza ya vijiji ya Uganda. Mabaraza hayo yalianzia vitani Luweero, yakapewa sheria mwaka 1987 kwa jina la RC, na baada ya Katiba ya 1995 yakaitwa LC. Wazo lake lilikuwa rahisi: watu wazima wa kijiji wote ni baraza, nao enzi ya RC walichagua kamati ya watu tisa. Kamati ni mtumishi wa baraza. RWC nayo ina ngazi tatu, kuanzia kijiji mpaka makazi yote.

Hata hivyo, mfano mzuri hautoshi. Mwaka 2018 tuhuma za kutia chumvi idadi ya wakimbizi zilitikisa nchi nzima. Uhakiki wa alama za vidole ulifanyika kuanzia Machi hadi Oktoba, na badala ya milioni 1.4 zilizokuwa zikitajwa wakapatikana takriban milioni 1.1. Orodha isiyosomwa hadharani ni mali ya mtu mmoja. Kisha tarehe 11 Septemba 2020, ugomvi ulioanzia kwenye maji huko Rhino Camp, upande wa Madi-Okollo, uligharimu maisha ya wakimbizi kumi. Penye bomba moja na jamii mbili, kamati inayojulikana na pande zote si pambo. Ni uhai.

Ukubwa ni jaa

Wahenga walisema ukubwa ni jaa: kila mwenye taka huja kuzitupa hapo. Julai 2023 Shirika la Chakula Duniani lilipogawa kaya katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa katika mgao, watu hawakwenda Kampala kuuliza. Walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuitunga orodha ile. Mwaka 2025 mgao ulipopunguzwa tena, mlango uliogongwa ulikuwa ule ule.

Mwenyekiti huyo hana gunia la kugawa. Lakini anaweza kuisoma orodha mbele ya watu wote. Anaweza kuandika malalamiko ya mjane na kuyafikisha ofisini. Zaidi ya yote, anaweza kurudi na jibu, hata likiwa ni hapana. Wengi hupeleka maneno, wanaorudi na jibu ni wachache. Kwa historia tuliyoisoma hapa, kurudi huko ndiko kunakomtofautisha mzee wa ukoo na chifu wa kodi.

Kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika tunasema hivi: mnapomwita kiongozi wa wakimbizi kikaoni, msimtume tu kutangaza yaliyokwisha kuamuliwa. Mpeni jibu la kurudi nalo, na kwa wakati. Na kwa wakazi wenzetu: tunapochagua kamati, tusiulize nani anafahamiana na wakubwa. Tuulize ni nani, mara ya mwisho tulipomtuma, alirudi.