Mathenge Haukujileta

Ukishuka stegi ya Minjila ukatazama upande wa Garsen, ule ukijani unaouona kiangazi si mvua. Ni mathenge. Wageni wanaupiga picha wakisema Tana River imependeza. Wenye boda boda wanahesabu pancha.

Shuleni nilifundishwa jangwa linaletwa na mfugaji mwenye mbuzi wengi. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapewa alama. Siku hizi naona ile hadithi ilianzia katikati.

Huku ni nusu jangwa tangu zamani. Ukiuacha mto, miaka mingi mvua haifiki milimita 500, masika na vuli ukijumlisha. Lakini wafugaji walikuwa na hesabu yao: mvua ikinyesha wanatoka na mifugo kwenda mbali, kiangazi wanarudi mtoni na delta. Nyasi zinapumzika.

Kisha ukaja ukame wa Saheli miaka ya 1970, dunia ikaingiwa na hofu. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano kuhusu kuenea kwa majangwa, tena Nairobi kwetu. Dawa moja ikawa kupanda miti inayostahimili ukame. Mathenge, ambao kwao ni Amerika, ulikuwa umeshapandwa tangu 1973 Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo ya saruji. Miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, na huku kwetu ukapandwa Bura, kwenye mradi wa umwagiliaji uliopewa pesa na Benki ya Dunia. Wakulima waliohamishiwa pale walihitaji kuni, na msitu wa mtoni ungekwisha. Kusema kweli, wazo lenyewe halikuwa la kijinga.

Waliyemsahau ni mbuzi. Anakula maganda matamu, mbegu zinapita tumboni salama, zinatoka na mbolea yake. Mafuriko yanazibeba zilizobaki. Mizizi inafuata maji chini kabisa, nyasi hazioti, mgunga unasongwa, mifereji ya Bura yenyewe ikavamiwa. Sukari ya maganda nayo inaozesha meno. Watu wa Baringo waliishtaki serikali, wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani, nchi ikacheka. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu haribifu.

Mimi kicheko sina. Mbuzi wa mjomba ndio waliokuwa karo yangu. Njia yake ya kushukia mtoni ilizibwa na miiba, wanyama wakakonda, akawauza kwa bei ya kutupa, na mwaka wa pili nikarudi nyumbani na begi langu. Sisemi ni mathenge peke yake, ukame pia ulitupiga. Lakini mtu akiniambia mjomba ndiye analeta jangwa, namuuliza: mti huu aliupanda yeye?

Juzi alikata mmoja nyuma ya boma, akachoma na kisiki. Mvua ikanyesha siku mbili. Nilipokwenda kumwamkia nikakuta machipukizi kumi na moja. Niliyahesabu.