Somo la Historia: Nani Alimlipia Mwanafunzi wa Chuo Kikuu?

Kaeni vizuri, na mwenye kalamu aishike. Leo hatutasoma habari za vita wala za wafalme. Tutasoma habari za fedha. Swali letu ni moja tu: mtoto akienda Chuo Kikuu, nani hulipa?

Labda swali hili limekwisha kuingia nyumbani kwako. Kama una kijana aliyemaliza kidato cha 6, umekwisha kulala ukihesabu minazi na mikorosho yako, ukaona hesabu haitoshi. Basi sikiliza hesabu hiyo ilivyokuwa zamani.

Tuanze hapa karibu. Wewe wa Kisarawe waijua Minaki. Shule ile ilianzishwa na wamisionari wa Kiingereza. Katika shule kama hiyo, na kama Tabora, walipatikana vijana wachache waliokwenda mbele zaidi. Mbele maana yake Makerere, kule Uganda, kwa sababu Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, kule Uskoti, kwa fedha za masomo za serikali ya kikoloni. Aliporudi alifundisha Pugu, jirani na Kisarawe, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Siku zile mtoto wa mkulima asiyepata fedha za serikali wala za misheni, njia yake iliishia hapo.

Mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, chuo chetu kilifunguliwa Dar es Salaam. Hakikuwa na majengo yake. Kilianza katika jumba la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiozidi 15, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, mahali kilipo mpaka leo.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na kazi kubwa Kibaha. Uswidi, Denmaki, Norwe na Ufini zilipatana na Tanganyika kujenga shule ya sekondari, kituo cha afya na mahali pa kuwafunza wakulima. Mwaka 1970 yote yakakabidhiwa kwa serikali yetu. Ndilo Shirika la Elimu Kibaha. Wengi waliosoma pale walifika Chuo Kikuu. Mzazi hakuuza shamba, kwa sababu ada za sekondari ziliondolewa mwaka 1964, na gharama za Chuo Kikuu zilibebwa na serikali.

Lakini serikali ni nani? Ni mkulima wa pamba, wa mkonge na wa korosho aliyelipa kodi. Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili waziwazi. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula cha mwisho kijijini wakati wa njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila asirudi, amewasaliti.

Hapo ndipo ugomvi ulipotokea. Mwaka 1966 serikali iliamuru wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 kazini wakipokea asilimia 40 ya mshahara. Yaani, katika kila shilingi 100, shilingi 40 tu. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba waliandamana mpaka Ikulu. Rais aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawafukuza chuoni karibu 400, akawarudisha kwa wazazi wao. Siku hiyo hiyo alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, maana vijana walisema kwamba wakubwa nao hujipendelea. Mwaka uliofuata wengi wao walirudishwa masomoni.

Mimi naona kila upande ulikuwa na neno lake. Vijana walitaka mzigo uwe wa wote. Rais alitaka wakumbuke nani aliyewalipia. Mzee wa Kisarawe mwenye mwana pale chuoni angesemaje siku ile kijana alipoingia uani na sanduku lake? Zungumzeni darasani.

Miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha, na mwaka 1992 serikali ikaleta utaratibu wa kuchangia gharama. Kwanza wanafunzi walilipa vitu vidogo kama nauli, baadaye mzigo ukakua. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi mwaka 2005.

Tazama neno hilo: mikopo. Msaada haurudishwi. Mkopo hurudishwa. Fedha za chakula na malazi ambazo wanafunzi huziita "bumu" ni deni, ingawa wengine huzipokea kama zawadi. Mwanzoni makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ilipandisha yakawa asilimia 15. Tufanye hesabu. Kijana akipata mshahara wa shilingi 600,000, asilimia 10 ni 60,000, na asilimia 5 ni 30,000. Jumla ni 90,000 kila mwezi. Tena deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani ya fedha. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021, na wengi walishusha pumzi.

Mkopo haupati kila aombaye. Bodi hutazama uhitaji: yatima, mwenye ulemavu, mtoto wa kaya inayosaidiwa na TASAF. Na uhitaji huthibitishwa kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, saini ya kiongozi wa kijiji au mtaa, na mdhamini. Maskini asiye na karatasi, mbele ya Bodi hajulikani kuwa maskini.

Kazi ya juma hili basi ni ya kuandika. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako. Andika jina lake kwa mkono wako, herufi kwa herufi. Kisha chukua cheti chake cha shule, uandike jina lililomo chini ya lile la kwanza. Je, yanalingana? Kama kimoja kinasema Ramadhani na kingine Ramadhan, mtaarifu mwalimu wako, na nenda ukarekebishe mapema, kabla mtoto hajafika kidato cha 6.