Sinia la Sikukuu: vileja na halua vimetoka wapi?

Sisi huku mlimani wazima, baridi tu ndiyo inatupigisha meno. Shangazi zangu wa Unguja na mashoga zangu wa Mombasa mmeniuliza sana kuhusu Sikukuu ya huku: watoto wanakula nini? Vileja na visheti wanavijua, au wanakulia chokoleti za madukani tu?

Wanavijua, tena wanavipika wenyewe! Kila Idi inapokaribia tunatandika mkeka chini, wanakunja mikono, na nyumba nzima inanuka hiliki. Mwaka jana, tukiwa katikati ya kazi, mdogo aliinua uso uliojaa unga akaniuliza: "Mama, hivi ni vya Oman au vya Zanzibar?" Swali la dakika moja, lakini jibu lake ni la zaidi ya miaka mia tatu. Leo nataka kulijibu vizuri, kwa ajili yake na kwa ajili yenu.

Tuanze na halua, maana ndiye mkubwa wa sinia. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake kitu kitamu. Huku Oman haikosekani Idi wala harusi, na mgeni akigonga mlango inatangulizwa, kisha kahawa chungu inafuata. Sisi hatuipiki nyumbani, ni kazi ya mafundi. Wanachanganya sukari, wanga, samli, hiliki, zafarani na maji ya mawaridi ndani ya sufuria kubwa ya shaba, halafu wanakoroga kwa saa mbili au zaidi bila kuacha. Ukiacha tu, inashika chini.

Basi ilifikaje kwetu? Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Seif aliwatoa Wareno Maskati. Huyo ndiye aliyejenga ule mnara mkubwa wa duara katika ngome ya Nizwa, ambao tunaupita kila tukishuka sokoni. Mwaka 1698 Waomani wakaiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa. Baadaye akaja Sayyid Said, aliyetawala tangu 1806 mpaka 1856, naye akahamishia makao yake Zanzibar na kuhimiza mikarafuu. Watu wa Nizwa, Bahla, Ibra na Sur wakamfuata kwa majahazi. Si wote walikuwa matajiri, msidanganyike. Wengi walikimbia ukame na mifereji iliyokauka, wakaishia kufungua vijiduka Unguja, Pemba na bara. Walikwenda na desturi zao za mezani, na halua ikapata kwao kwa pili. Mpaka leo anayetoka Pemba bila halua ya Wete, nyumbani hapokewi kwa furaha!

Bi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake akaziandikia Idi zote mbili, ndogo na kubwa. Yaani hata mtoto wa mfalme aliyeishia Ulaya hakuisahau Sikukuu ya kwao.

Lakini tusisimulie upande mmoja tu. Mashamba yale ya karafuu yalilimwa na watumwa, na katika majumba makubwa waliotwanga, waliokanda na waliokaa mbele ya moto mara nyingi walikuwa wanawake watumwa waliotolewa bara kwa nguvu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Majina ya wengi wa wanawake wale hayakuandikwa. Kazi ya mikono yao imebaki: tui la nazi katika unga, mchele uliosagwa mbichi ukawa mkate wa kumimina, kipimo cha hiliki kinachojulikana kwa pua na si kwa kijiko. Hata neno mandazi ni letu la Kibantu, limetokana na kuandaa. Na kaimati? Hilo ni la Kiarabu, maana yake vitonge vidogo. Mandazi na kaimati viko sahani moja, na hakuna aliyewahi kuviona vikigombana.

Sasa nije kwenye mlima wenyewe. Al Jabal al Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, una uwanda wa Sayq ulio juu kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huku kunaota mawaridi, makomamanga na lozi, vitu ambavyo joto la Maskati lingevikausha. Mwisho wa Machi mpaka Mei, alfajiri, watu wa vijiji vya Al Ayn na Ash Shirayjah wanachuma maua kabla jua halijakaza. Wanayatia ndani ya vyungu juu ya majiko ya udongo. Mvuke unapanda, unagusa chombo chenye maji baridi kilichowekwa juu, unageuka matone, na matone hayo ndiyo maji ya mawaridi, yenye harufu ya moshi kidogo. Fundi wa halua akiyapata haya hataki mengine.

Na mlima huu umeona mambo. Katika miaka ya 1957 mpaka 1959 kulikuwa na vita kati ya Imamu Ghalib bin Ali na Sultan Said bin Taimur aliyesaidiwa na Waingereza. Ndege zilipiga mabomu huku juu, na Januari 1959 askari wa Kiingereza wakapanda usiku wakauteka uwanda. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi unga na sukari vilipanda kwa mgongo wa punda. Barabara ya lami ni ya miaka ya 2000 tu, na mpaka leo pale Birkat al Mawz hupiti bila gari la kuvuta magurudumu manne. Kwa hiyo kwa bibi za huku, sukari ilikuwa kitu cha kuhesabu, na sikukuu kweli ilikuwa siku kuu.

Huko kwetu nako mambo yaligeuka. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Hesabuni na kalenda ya Kiislamu mtaona: Ramadhani ya mwaka ule iliingia siku chache tu baadaye, na Idi ikaangukia katikati ya Februari. Fikirini Idi ile. Kuna nyumba zilizokuwa zinashangilia mwanzo mpya, na kuna nyumba ambazo baba hakuwepo tena, au zilikuwa tupu kabisa. Majirani waliokuwa wakipelekeana sinia miaka yote, safari hii hawakujua wapeleke wapi.

Waliokimbia walitawanyika: Dar es Salaam, Mombasa, Dubai, Cairo, Uingereza. Oman yenyewe ilikuwa karibu imefungwa. Mpaka Julai 1970 Sultan Qaboos alipotawala na kuwaita Waomani walio nje warudi kujenga nchi. Wakaja walimu, wauguzi, makarani na mafundi, wengi wao Kiarabu chao cha kubabaisha na Kiswahili chao fasaha. Kuna waliochekwa kwa lugha yao. Lakini jikoni hakuna aliyecheka! Mandazi yakaingia nyumba za jirani, vileja vikaingia sinia la Idi, na leo utamkuta Mwomani asiyejua neno jingine lolote la Kiswahili anaagiza mandazi na chai ya maziwa, anaona ni chakula cha kwao. Na si uongo.

Basi jibu nililompa mdogo ni hili: mwanangu, halua ilitoka huku ikaenda kwetu, vileja vimetoka kwetu vikaja huku, na mikono iliyovifanya viwe vitamu ilitoka pande zote, mingine kwa hiari na mingine kwa kulazimishwa. Usiruhusu mtu akukatie sinia vipande viwili, kipande hiki cha Oman na kile cha Zanzibar.

Nawaambia haya kwa sababu kuna jambo linaniuma. Watoto wetu wa huku wanasoma Kiarabu skuli, Kiingereza kwenye televisheni, na Kiswahili kinabaki cha kuitikia simu ya bibi. Nimeona jikoni ndiko bado wanakizungumza bila kulazimishwa. Kanda. Sukuma. Chekecha. Usilambe! Hakuna kitabu kinachofundisha hivyo.

Kazi tumegawana. Vileja ni vya mdogo: unga wa mchele, samli, sukari, mayai na hiliki. Anafinyanga viduara, anavibonyeza kwa kidole gumba, anatia kitone cha rangi katikati. Visheti ni vya mkubwa: anasukuma na kukata, mimi nakaanga na kupika shira, watoto wakae mbali na mafuta. Halafu mlima nao una tabia zake. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, maana hewa ni nyepesi. Keki inaumuka haraka kisha inaanguka, kwa hiyo napunguza hamira ya unga na sukari kidogo. Wazee wetu waliopalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria, moto juu na chini, hawakuwa na shida hii!

Sasa ombi langu. Bibi zetu wanapima kwa kikombe kile cha bati kilichopinda mkono, na kwa "tia mpaka uone inatosha". Wakiondoka wanaondoka na vipimo vyao. Nendeni mkakae nao kabla ya Idi hii, mpime kila wanachotia, muandike, na muandike pia nani aliwafundisha na alitoka wapi. Mnitumie. Nitaviweka hapa kimoja kimoja na majina ya vitu kwa Kiswahili chake, ili watoto wa huku na wa huko wapike kitu kimoja.

Basi kwa leo niishie hapa, unga unanisubiri. Wasalimieni wote, wakubwa shikamoo, wadogo nawabusu.