Vital'O na fainali ya 1992
Mwaka 1992 Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Mechi ya kwanza, nyumbani, iliisha 1-1 dhidi ya Africa Sports ya Côte d'Ivoire. Kwa maoni yangu kombe lilipotea hapo, si Abidjan walikofungwa 4-0. Bao la ugenini lilikuwa na uzito, hivyo hata sare ya 0-0 kwenye marudiano ingewapa wenyeji ubingwa. Vital'O ililazimika kushambulia.

Mwaka 2013 ilitwaa Kombe la Kagame huko Darfur, ikiichapa APR ya Rwanda 2-0. Simba na Yanga hazikwenda, kwa sababu za usalama. Wengine hulibeza kombe hilo kwa sababu hiyo, lakini waliokwenda ndio waliocheza.